Seva zikodishwe, wajibu ubaki serikalini

Mkulima wa Dundori, huko juu ambako Kaunti ya Nakuru inapakana na Nyandarua, siku hizi hukutana na serikali kwenye simu zaidi kuliko ofisini. Chifu anaweza kumsajili, lakini ujumbe wa kumruhusu kuchukua mbolea ya ruzuku kwenye ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB) hutoka katika KIAMIS, sajili ya wakulima iliyojazwa kote nchini mwaka wa 2023. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, leseni ya udereva, cheti cha tabia njema cha polisi, mchango wa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA): yote hayo hupitia kompyuta ambazo yeye hajui ziko wapi, na hana haja ya kujua mradi zinafanya kazi. Zikikwama, mvua ya Machi haimsubiri. Gunia la kilo 50 ambalo serikali ilishusha bei yake hadi Sh2,500 linamfaa likifika kabla viazi havijaingia ardhini. Likichelewa wiki mbili kwa sababu "sistimu iko chini", unafuu huo wa bei unakuwa umempita.

Kwa hivyo mjadala wa kuhamisha mifumo kuukuu ya serikali hadi kwenye wingu si wa wahandisi wa Nairobi peke yao. Wingu, kwa lugha nyepesi, ni kukodi nguvu za kompyuta zilizo katika majumba makubwa ya seva na kulipia kadiri unavyotumia, badala ya kila wizara kununua mashine zake na kuzifungia chumbani. Wizara inayosimamia teknolojia imekuwa ikiandaa sera ya jambo hili, na kampuni kubwa za dunia zinabisha hodi. Msimamo wangu ni kwamba Kenya inapaswa kuhama, na isichelewe. Lakini kinachofaa kukodiwa ni mashine tu. Data yenyewe, funguo za kuifungua, ujuzi wa kuendesha mfumo na wajibu wa kumjibu mwananchi ni mambo ambayo lazima yabaki mikononi mwa serikali, tena yawe yameandikwa ndani ya mkataba. Tukikosea hapo, tutakuwa tumeondoa seva chakavu na kuweka mahali pake mwenye nyumba tusiyeweza kumhama.

Mifumo hii haikuwa mibaya ilipoanza. IFMIS, unaosimamia fedha za umma, ulianzishwa mwaka wa 2003, na ugatuzi ulipoingia 2013 kaunti zote 47 zikaunganishwa humo, Nakuru ikiwemo. Simba, mfumo wa forodha wa Mamlaka ya Ushuru (KRA), ulianza 2005 ukiwa umetokana na mfumo wa Senegal, na kwa miaka mingi mizigo katika bandari ya Mombasa ilitoka au kukwama kulingana na afya ya mfumo huo. Mabaraza ya miji ya zamani yalitumia LAIFOMS kukusanya ada na kodi, na kaunti zilipozaliwa zikaurithi. Kila mmoja ulitatua tatizo la wakati wake. Taabu ni kwamba programu huzeeka hata isipoguswa. Leseni inaisha, kampuni iliyoitengeneza inaacha kuirekebisha, vipuri vya seva vinaadimika, na kijana aliyejua siri zake anaacha kazi akiondoka na ujuzi wote kichwani. Hata Marekani haikuepuka hali hii. Janga la Corona lilipowaachisha watu kazi kwa mamilioni Aprili 2020, gavana wa New Jersey, Phil Murphy, alisimama mbele ya wanahabari akiomba wajitolee watu wanaojua COBOL, lugha ya kompyuta ya mwaka wa 1959, kwa sababu mfumo wa kuwalipa wasio na kazi ulikuwa umezidiwa na wenye kuuelewa walikuwa wachache.

Faida ya kwanza ya wingu ni uwezo wa kupanuka na kupungua. Serikali ina siku zake za mafuriko: Juni 30, siku ya mwisho ya kujaza fomu za kodi kwenye iTax, siku ya kutangazwa kwa matokeo ya KCSE, siku za wanafunzi kuchagua kozi za vyuo kupitia KUCCPS. Ukinunua seva za kutosha siku hizo, zitakaa bure karibu mwaka mzima. Ukinunua za siku za kawaida, zitaanguka siku ile ile ambayo kila mtu anazihitaji. Ukikodi, unaongeza nguvu kwa saa chache kisha unazirudisha. Faida ya pili ni utunzaji. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilikosa umeme, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza. Seva iliyo katika chumba cha ofisi hutegemea betri ya muda mfupi na jenereta ambayo huenda haina dizeli. Jumba la seva lililojengwa kwa kazi hiyo lina njia mbili za umeme, mitambo ya kupoza, walinzi na mafundi wa usiku na mchana, na gharama hizo zote hugawanywa miongoni mwa wateja wengi.

Atakayedhani kwamba kumiliki mashine zako mwenyewe ndiyo salama na atazame yaliyotokea Korea Kusini, nchi ambayo kwa teknolojia haina wa kuifunza mengi. Septemba 26, 2025, moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon wakati mafundi walipokuwa wakihamisha betri za lithiamu. Mifumo 647 ya serikali ikazimwa, zikiwemo huduma za posta na vitambulisho vya kwenye simu. Miongoni mwa vilivyoteketea ni G-Drive, hifadhi ambayo watumishi wa umma walitumia kuweka nyaraka zao za kazi. Terabaiti 858 zilikuwa humo, na hapakuwa na nakala popote pengine. Serikali hiyo ilikuwa na jengo lake, wahandisi wake na hata wingu lake lenyewe. Kilichokosekana ni nakala ya pili katika mji mwingine, jambo ambalo karani yeyote wa masjala anayejua kazi yake angelidai.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Juni 2024, Indonesia ilipata somo hilo hilo kwa njia nyingine. Wadukuzi walikifunga kituo cha muda cha data cha taifa huko Surabaya na kudai dola milioni 8. Taasisi zaidi ya 200 ziliathirika, na wasafiri wakakwama kwenye foleni za uhamiaji katika viwanja vya ndege. Mkuu wa shirika la usalama wa mtandao aliwaambia wabunge kwamba asilimia 98 ya data katika kituo hicho haikuwa na nakala ya akiba. Rais Joko Widodo akaamuru ukaguzi. Visa hivi viwili vinaonyesha kwamba swali la kuanzia si nani anamiliki jengo. Swali ni iwapo kuna nakala kwingineko, iwapo imewahi kujaribiwa kurejeshwa, na nani atawajibika ikishindikana. Wingu linarahisisha kuweka nakala katika miji miwili au mitatu kwa gharama ambayo wizara moja haiwezi kuimudu peke yake. Hata hivyo, haliweki nakala hizo kwa niaba yako kama hukuagiza na hukulipia.

Kenya nayo ina ushahidi wake, na unapaswa kutufanya waangalifu. Juni 30, 2023, Rais William Ruto alizindua huduma 5,000 katika jukwaa la eCitizen kwa kaulimbiu ya "Gava Mkononi". Kabla mwezi haujaisha, Julai 27, jukwaa hilo lilishambuliwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lililifurikia kwa maombi bandia hadi wateja halisi wakakosa nafasi. Waliotaka viza walikwama, waliotaka tiketi za treni ya SGR wakakwama, na ununuzi wa tokeni za umeme ukavurugika. Waziri wa teknolojia wa wakati huo, Eliud Owalo, alikiri kwamba shambulio lilitokea na akasema hakuna data iliyopotea. Hata tukilichukua hilo kuwa kweli, tukio lilifichua udhaifu wa mpango: huduma zote zilikuwa zimepitishwa kwenye mlango mmoja, na mlango ulipozibwa hapakuwa na wa nyuma. Huduma bora ya wingu ina uwezo mkubwa wa kunyonya mafuriko ya aina hiyo, lakini hata yenyewe huanguka. Oktoba 20, 2025, hitilafu katika kituo kimoja cha Amazon huko Marekani ilizima programu na tovuti kote duniani kwa saa kadhaa. Anayehama na aandae mlango wa nyuma tangu siku ya kwanza.

Kuna jambo linalonitia wasiwasi kuliko mashambulizi, nalo ni mikataba. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, iliyotolewa Machi 2025, iliutazama mfumo wa teknolojia wa SHA, mradi wa Sh104.8 bilioni uliokabidhiwa muungano wa kampuni unaojumuisha Safaricom. Ilisema ununuzi haukupitia ushindani, na kwamba umiliki wa mfumo, vijenzi vyake na haki za ubunifu haumo mikononi mwa serikali. Serikali ilijitetea kwamba inalipia huduma badala ya kununua mitambo. Mkaguzi huyo huyo amewahi kueleza kwamba hata katika eCitizen, jukwaa ambalo Wakenya wamekuwa wakilipia Sh50 kwa muamala, serikali haina udhibiti kamili na sehemu muhimu za uendeshaji zimebaki kwa kampuni. Sina neno na kampuni kutafuta faida, kwani ndiyo kazi yake. Lakini rekodi za ugonjwa wa mama aliyelazwa katika hospitali ya rufaa ya Nakuru, pamoja na njia ya kumlipia matibabu, haziwezi kutegemea mfumo ambao serikali haina haki ya kuufungua, kuurekebisha wala kumkabidhi mwingine.

Hapo ndipo mstari unapopaswa kuchorwa. Kukodi seva ni jambo la kawaida, na hakuna aibu yoyote ndani yake. Lakini kuna vitu vinne ambavyo kila mkataba wa wingu unapaswa kuvitaja kwa jina. Kwanza, data yote iwe mali ya umma, na nakala yake kamili, katika muundo ambao programu nyingine zinaweza kuusoma, ikabidhiwe serikali kila baada ya muda uliotajwa bila kusubiri mkataba uishe. Pili, data nyeti isimbwe, na funguo za kuisimbua zishikwe na ofisi ya serikali pasipo mwenye seva kuwa nazo. Tatu, nywila za msimamizi mkuu ziwe na watumishi wa umma wasiopungua wawili wanaojua kuzitumia, ili mmoja akihama, kazi isisimame. Nne, njia ya kutoka: ni siku ngapi za makabidhiano, nani anagharamia, na adhabu gani inamkabili anayekataa kukabidhi. Mkataba usio na mambo haya ni wa kujifunga, hata seva zikiwa mpya na za kasi ya ajabu.

Kwamba serikali ya Kiafrika inaweza kubaki na ujuzi huo si ndoto. Tanzania ina Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA), iliyopewa nguvu za kisheria mwaka wa 2019 kusimamia viwango na mifumo ya taasisi za umma. Mfumo wake wa malipo ya serikali, GePG, ulioanza 2017, ulijengwa na wataalamu walioajiriwa na serikali yenyewe, na leo Mtanzania hulipia huduma za taasisi nyingi tofauti kwa kupewa namba ya malipo na kulipa benki au kwa simu. Kenya haina uhaba wa vijana wa kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Egerton kiko hapa hapa Njoro, na vyuo vya Nairobi hutoa wahandisi kila mwaka. Kilichopungua ni nafasi za kudumu zenye mshahara unaoeleweka ndani ya serikali, ili anayejenga mfumo wa umma asilazimike kuhamia upande wa kuuza mifumo hiyo kwa serikali.

Ujuzi ukipatikana, bado kuna kazi isiyo na fahari ambayo hakuna muuzaji anayeitaja kwenye maonyesho yake: kusafisha kumbukumbu. Data chafu ikihamishiwa winguni ni mbegu ya viazi yenye mnyauko ikipandwa kwenye shamba lililopumzishwa. Ugonjwa unahamia mahali papya, na unaenea kwa kasi. Hili linaonekana wazi katika ardhi. Mashamba mengi ya Bahati na maeneo jirani yalinunuliwa na kampuni za wanachama, Ngwataniro-Mutukanio ikiwa mojawapo, miaka ya 1960 na 1970. Mwanachama alipata hisa, kisha kadi ya kura iliyomwonyesha kipande chake, na hatimiliki ikaja baadaye, wakati mwingine baada ya miongo. Kwa hiyo unakuta jina ni Wanjiku kwenye kitambulisho na Wanjiko kwenye hatimiliki. Namba ya kitambulisho imepungua tarakimu moja. Shamba bado limeandikwa jina la babu aliyefariki zamani, ilhali wajukuu wameshagawana na wanalima. Ardhisasa, mfumo wa ardhi uliozinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta Aprili 27, 2021, ulianzia Nairobi, na safari yake kuelekea kaunti nyingine imekuwa ndefu kwa sababu ya kazi hii hii ya kulinganisha faili na ramani. Watu wanauona ucheleweshaji huo kama uzembe. Mimi naona haraka ingekuwa hatari zaidi, kwa sababu kosa likishaingia kwenye mfumo unaoaminiwa na benki na mahakama, mwenye shamba ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba kompyuta imekosea.

Ndiyo maana kuhama kunafaa kufanywa kwa awamu, huku mfumo wa zamani ukiendelea kupumua hadi mpya uthibitike. Benki ya TSB ya Uingereza ilijaribu njia ya mkato Aprili 2018: ikahamisha wateja wake wote katika wikendi moja. Hadi wateja milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao, wengine kwa siku na wengine kwa wiki. Mwaka wa 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha wakaipiga faini ya pauni milioni 48.65. Hiyo ni benki yenye fedha, wanasheria na mafundi wa kila aina. Serikali yetu ianze na vitu ambavyo vikiharibika haviumizi mtu: tovuti za habari, ramani za wazi, matokeo ya mitihani yanayosomwa na wengi kwa siku chache. Zifuatie huduma za maombi na malipo. Sajili zenyewe, yaani za ardhi, uraia, afya na hazina, zije mwisho, baada ya kusafishwa na baada ya watumishi kujifunza kwenye kazi nyepesi.

Wapo wanaopinga kwa hoja ya uhuru wa taifa, na hoja yao ina uzito. Wanasema siri za Wakenya hazifai kukaa katika mashine za mgeni. Sheria imelitazama jambo hili. Kanuni za 2021 zilizotungwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 zinataka data inayogusa mambo makuu ya taifa, kama vile usajili wa watu, uchaguzi na fedha za umma, ishughulikiwe kwenye seva zilizo Kenya au angalau nakala moja inayotumika iwekwe nchini. Mahakama nazo zimeonyesha meno: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma Namba kwa sababu serikali haikupima kwanza athari zake kwa faragha ya watu. Wengine wanapendekeza kila kitu kiwekwe katika Kituo cha Taifa cha Data huko Konza, kilichojengwa na Huawei kwa mkopo wa China. Konza ina nafasi yake, hasa kwa data nyeti, lakini kuweka kila kitu hapo pekee ni kuijenga Daejeon yetu wenyewe.

Tena, mahali seva ilipo hapatoshi kumaliza hoja. Mei 2024, Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 unaojumuisha kituo cha data kitakachotumia mvuke wa Olkaria, ndani ya kaunti hii hii ya Nakuru, kikianza na megawati 100. Kikijengwa, litakuwa jambo jema kwa ajira na kwa soko la umeme wetu. Lakini sheria ya Marekani ya 2018 inaziruhusu mahakama za huko kuidai kampuni ya Kimarekani data inayoishikilia hata kama seva ziko nje ya nchi hiyo. Kwa hiyo kuweka seva Olkaria hakuifanyi data kuwa yetu kikamilifu. Kinachoifanya iwe yetu ni funguo. Data iliyosimbwa, ambayo funguo zake ziko katika ofisi ya serikali ya Kenya, ni ya Kenya hata ikikaa kwenye mashine ya mwingine, na isiyosimbwa iko hatarini hata ikiwa ndani ya jengo lenye bendera yetu.

Hoja ya pili ni ya mtandao. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Je, serikali iliyo winguni itafanya nini siku kama hiyo? Jibu ni kuhakikisha nakala inayotumika iko nchini, ili ombi la mwananchi litoke Nakuru, lifike Nairobi na kurudi bila kuvuka bahari. Halafu kuna kilomita za mwisho, ambazo wapangaji huzisahau. Mkulima mwenye simu ya kabambe hahitaji tovuti yenye picha. Anahitaji kubonyeza *707# na kupata jibu. Karani wa ghala la NCPB anahitaji kupakua orodha ya walioidhinishwa asubuhi, awahudumie mchana hata mtandao ukipotea, kisha apeleke hesabu jioni. Mambo haya mawili si ya anasa. Mfumo usioyazingatia haujakamilika, hata ukiwa umejengwa kwa teknolojia ya hali ya juu namna gani.

Hoja ya tatu ni fedha, na hapa wapinzani wako sahihi kuliko wauzaji wanavyokubali. Bili za wingu kwa kawaida huja kwa dola. Januari 2024 dola moja ilipita Sh160, kisha ikashuka hadi karibu Sh130 mwaka huo huo. Bajeti ya serikali ni ya shilingi na hupitishwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo mtikisiko kama huo unaweza kuzima huduma katikati ya mwaka wa fedha. Dawa ni kununua kwa pamoja kupitia mamlaka moja, kudai bei za shilingi pale inapowezekana, kuweka ukomo wa matumizi na kuzima kisichotumika. Lakini hesabu iwe kamili. Gharama ya mfumo kuukuu haionekani kwenye vitabu kwa sababu inalipwa na mwananchi: nauli ya kuteremka kutoka Dundori kupitia Lanet hadi Huduma Centre mjini Nakuru, siku nzima ya kibarua iliyopotea, kisha kuambiwa arudi kesho. Mkandarasi aliyemwaga changarawe barabarani akasubiri malipo kwa miezi kwa sababu IFMIS imekwama naye analipa, kwa riba ya mkopo. Mtu akijumlisha hayo yote, uchakavu hauonekani tena kuwa wa bei nafuu.

Kuna pia wanaotarajia wingu liponye wizi, nao wanahitaji kuambiwa ukweli. Katika kashfa ya Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) ya mwaka wa 2015, iliyohusu Sh791 milioni, uchunguzi ulielekea kwenye nywila za IFMIS za maafisa zilizodaiwa kutumiwa na wasiostahili. Hakuna jumba la seva duniani linaloweza kuzuia afisa kumpa mwenzake nywila. Wingu linaweza kuonyesha nani aliingia, saa ngapi na kutoka wapi, na likadai uthibitisho wa pili kwenye simu. Nini kitafanyika baada ya kuonyeshwa hilo kinabaki kuwa kazi ya wakaguzi, wapelelezi na mahakama. Ndiyo maana nasisitiza kwamba wajibu haukodishwi. Mwenye seva anaweza kuahidi kwamba mashine itakuwa macho karibu saa zote za mwaka, lakini hawezi kuahidi uaminifu wa anayeitumia.

Kazi hii haihitaji kusubiri Nairobi peke yake. Kaunti zinazotafuta mifumo ya mapato na hospitali zinaweza kuungana na kununua mfumo mmoja kwa masharti bora, badala ya kila moja kujadiliana peke yake na muuzaji mwenye uzoefu. Wakazi nao wana nguvu wasiyoitumia vya kutosha. Katiba inataka umma ushirikishwe katika masuala ya fedha, na vikao vya bajeti hufika hadi kwenye wadi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba nakala ya mkataba wa umma na kumtaka afisa ajibu ndani ya siku 21. Katika vikao vya aina hiyo tumezoea kuuliza barabara na maji, na ni sawa. Tuongeze maswali manne kwa mwakilishi wa wadi na mbunge kila mfumo mpya unapotangazwa: Nakala ya pili ya data iko wapi, na ilijaribiwa kurejeshwa lini? Nani ameshika funguo? Ni watumishi gani wa umma wanaoweza kuuendesha mfumo huu kampuni ikiondoka? Na kuachana na kampuni hiyo kutachukua siku ngapi na kugharimu pesa ngapi? Haya hayahitaji shahada ya kompyuta kuyauliza, wala kuelewa majibu yake. Serikali inayoweza kuyajibu hadharani na ihame, hata kesho. Isiyoweza isiweke sahihi kwanza. Irudi ikajiandae, kwa sababu mkataba mbaya utadumu kuliko seva yoyote chakavu tuliyo nayo leo.